Sura ya Sita: Juni Hupangwa Januari

Ukitaka kujua kama mtu wa Kibabii, hapa Bungoma, alivuna vizuri, usimtembelee Novemba. Novemba kila mtu ana mahindi. Magunia yamepangwa sebuleni hadi yanaziba dirisha, kuku wananenepa kwa punje zilizomwagika uani, na mgeni aliyekuja bila taarifa husongewa ugali wa pili bila mwenye nyumba kukunja uso. Mtembelee Juni. Mahindi ya msimu mpya yamesimama shambani, yamempita mtu kimo, lakini bado hayaliki. Mvua inanyesha tangu Machi. Kuni zilizoachwa nje zimelowa, njia ya kwenda soko la Chwele ni matope matupu, na bei ya gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka, imekuwa ikipanda tangu Pasaka. Hapo ndipo ghala la mtu husema ukweli.

Wenzetu wa nchi za baridi hujiandaa kwa theluji. Hupasua kuni wakati wa joto, hujaza rafu kwa chupa za matunda na mboga zilizochemshwa, kisha hufunga mlango wakingoja miezi ipite. Sisi tunaoishi Bungoma, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ndugu zetu wa Kitale walio karibu mita 1,900, tuna msimu wetu wa kufungiwa ndani, ila adui yetu ni unyevu. Tofauti hiyo ni kubwa. Baridi hukihifadhi chakula, unyevu hukiozesha. Nyama iliyosahauliwa nje huko kwao Januari hukutwa imeganda, nzima kabisa; gunia lililosahauliwa kwenye sakafu ya udongo Aprili hukutwa limeota. Tumezoea kuambiana kwamba akiba haiozi. Akiba ya fedha, labda. Ya mahindi huoza, huliwa na wadudu, hupata sumu, na huvunda hata ikiwa imefungwa vizuri kabisa.

Kwa hiyo kazi yote ya Juni hufanywa katika dirisha dogo la ukavu kati ya Desemba na Februari. Na kuna jambo ambalo mashauri mengi ya kilimo huliruka. Zamani maandalizi haya hayakuwa kazi kumi tofauti. Yalikuwa mtambo mmoja, na katikati yake yalikaa mafiga. Kuni zilipika, moshi wake ukakausha mbegu, joto lake likalinda chakula cha darini, majivu yake yakawa chumvi na dawa ya wadudu. Mtambo huo umevunjwa kipande kwa kipande katika muda wa miaka sitini hivi, na kila kipande kilichotoka nyumbani sasa kinauzwa dukani. Mwenye boma wa leo hana budi kujua ni kipi anunue na kipi aendelee kukifanya mwenyewe.

Tuanze na kuni, maana ndizo zinazodharauliwa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 55 ya kaya za Kenya hupikia kuni hasa, na vijijini kiwango kiko juu zaidi. Gesi imefika Kibabii, hasa tangu chuo kikuu kilipopata hati yake mwaka 2015 na nyumba za kupanga zikaanza kuota mashambani, lakini mtungi wa gesi hutumika kwa chai ya asubuhi. Maharagwe bado ni ya kuni.

Mama anayejua kazi yake hagusi kuni za mti kuanzia Novemba hadi Februari. Hupikia magunzi. Magunzi yakikauka huwaka upesi kwa moto mkali, hayahitaji shoka, na yakiachwa uani mpaka Aprili hugeuka ukungu mtupu. Ndiyo maana huchomwa kwanza. Miezi hiyo minne ya magunzi ndiyo inayozipa kuni halisi nafasi ya kukauka. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia jikoni ukiwa hivyo, moto hushughulika kwanza kuyachemsha maji yaliyo ndani ya ukuni, na sufuria hungoja zamu yake huku nyumba ikijaa moshi na watoto wakifuta machozi.

Mkaratusi hupasuliwa siku ile ile unapoangushwa. Ukishakauka, nyuzi zake hulishika shoka na mpasuaji hutoa jasho la bure. Vipande hupangwa juu ya mawe, si juu ya ardhi, kwa sababu ya mchwa. Hupangwa kwa kupishana ili upepo upite, chini ya upenu unaotazama jua la alasiri, upande wa gome ukiwa juu. Baada ya wiki kadhaa za jua la Januari, ncha za vipande hupasuka kama nyota. Chukua viwili uvigonganishe. Kuni mbichi hutoa sauti nzito iliyokufa. Kavu hulia, karibu kama vigae. Wengi huishia hapo, wakidhani kazi imekwisha, kisha mvua ya kwanza ya Machi inakuja na upepo wa ubavuni na kulowesha lundo zima kwa sababu hakuna aliyeziba upande mmoja kwa mabati chakavu.

Kuni zenyewe hutoka wapi? Mkaratusi si mti wetu. Serikali ya kikoloni iliuleta mwanzoni mwa karne ya 20 ili reli ya Uganda ipate kuni za injini zake za moshi, na baadaye ukaenea kwenye mipaka ya mashamba kwa sababu ukikatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Misitu ya asili ilikuwa imeshapungua. Miwa ilichukua ardhi kubwa baada ya kiwanda cha sukari cha Nzoia kuanzishwa mwaka 1975, na kilimo cha tumbaku pande za Malakisi kilikula miti kwa ajili ya kukaushia majani. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, marufuku ambayo rais alitangaza kuiondoa Julai 2023, na katika miaka hiyo mitano mwenye mikaratusi yake shambani alikuwa mtu wa kuheshimiwa.

Hapa kuna kisa cha ardhi ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Katika sehemu nyingi za Waluhya mwanamke alikatazwa na mila kupanda mti: ilisemwa atakuwa tasa, au mume wake atakufa. Nyuma ya mwiko huo ilikuwepo sheria ya ardhi, kwani anayepanda mti anadai shamba. Matokeo yake yalikuwa kwamba anayetafuta kuni hakuruhusiwa kuzipanda, na aliyeruhusiwa kupanda alipanda mkaratusi wa kuuza nguzo. Miradi ya miti shambani, ukiwemo ule wa Waswidi uitwao Vi ulioanza mwaka 1983 upande wa Pokot Magharibi na Kitale, ilieneza vichaka kama sesbania na kaliandra. Sesbania hasa ilipenya kwa sababu watu wengi hawakuihesabu kuwa mti, hivyo mwanamke angeipanda bila baraza la ukoo kuitishwa. Hukua upesi, hurutubisha udongo, na matawi yake hukatwa kwa panga tu, bila shoka na bila ruhusa. Nikiulizwa ni uvumbuzi gani uliopunguza kazi ya jikoni Bungoma, nitautaja huo kabla ya jiko lolote.

Majiko nayo yamesaidia. Jiko la Upesi, lile lenye kiini cha udongo wa kuchoma kinachozungushiwa tope, lilienezwa magharibi mwa Kenya likifinyangwa na vikundi vya akina mama, na hula kuni chache kuliko mafiga wazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020. Kwa hiyo hapa siulilii moshi. Nasema tu kwamba ulipoondoka, uliondoka na kazi zake, na hakuna aliyezihesabu.

Juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito. Pale ndipo mahindi ya mbegu yalipofungwa kwa maganda yake, mawili mawili, yakaning'inizwa hadi yakawa meusi kwa masizi. Fukusi hawapendi moshi, wala mbegu iliyokauka polepole kwa joto la jiko haikosi kuota. Machi ikifika, mama aliteremsha fungu lake, akapukuchua punje za katikati ya gunzi, zile zilizo nene na sawa, akaacha za nchani na za shinani kwa chakula.

Kisha ikaja Kitale. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo mwaka 1956, ikianza na mbegu za nyasi za walowezi. Katika kituo cha utafiti cha hapo hapo, Michael Harrison na wenzake walitoa mahindi ya Kitale Synthetic II mwaka 1961. Halafu wakayachanganya na aina iliyotoka Ecuador, na mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara ya H611. Ilizaa kupita chochote kilichokuwa darini. Sharti lake lilikuwa moja: usiirudie. Punje za mavuno yake zikipandwa msimu unaofuata, nguvu ya uchotara hupungua. Tangu hapo mbegu hununuliwa kila mwaka katika pakiti ya kilo mbili, na dari ya moshi ikabaki na sufuria kuukuu na paka. Sioni kwamba wazee walidanganywa. Walipima mavuno wakachagua, na nadhani walichagua sawa. Lakini gharama ya kwanza ya Machi, ambayo zamani ilikuwa sifuri, ilizaliwa siku hiyo.

Ghala la nje lilidumu zaidi. Lile la fito lililoinuliwa juu ya nguzo, limeezekwa nyasi, upepo ukipenya pembeni, lilihifadhi mahindi yakiwa na magunzi na maganda yake. Ganda zuri huziba ncha ya hindi na kumzuia fukusi. Nguzo zilivalishwa vikofia vya bati kuwazuia panya. Kwa fukusi wa kawaida mpango huo ulitosha, na majivu yaliyonyunyizwa kati ya tabaka yalimaliza kazi.

Aliyeuvunja ni mdudu mwingine. Dumuzi ni mdudu wa Amerika ya Kati. Alionekana Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 alikuwa ameshavuka mpaka kuingia Kenya kupitia Taveta. Wakulima wa Kenya baadaye walimbandika jina la Osama, wala hawakuwa wakitania. Fukusi hutoboa punje, dumuzi huisaga. Ukishika hindi alilolishughulikia, unga humwagika mkononi na gunzi hubaki jepesi kama sponji. Mbaya zaidi, yeye hupenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, kwa sababu hapo punje zimeshikiliwa imara naye hupata pa kujitia mgongo anapotoboa. Ukoo wake ni wa watoboa-mbao. Unaweza kumaliza mahindi yote, ukafagia ghala, ukachoma takataka, naye akabaki ndani ya nguzo zako akila mti mkavu huku akingoja Novemba. Desturi nzima ya kuhifadhi mahindi ghalani na magunzi yake, ambayo ilikuwa hekima, ikageuka karamu aliyoandaliwa.

Ndiyo sababu ushauri wa sasa ni kupukuchua upesi, kukausha, na kufunga. Katika hayo matatu, la kati ndilo linaloharibu watu. Bungoma huvuna kuanzia Agosti, wakati mvua haijaisha. Kitale huvuna kati ya Oktoba na Desemba, na mwaka kama 2023, El Niño ilipoleta mvua hadi Desemba, mahindi yaliyokatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shambani yaliota yakiwa yamesimama. Serikali ikalazimika kupeleka mashine za kukausha zinazovutwa na magari. Asiye na mashine ana turubai na jua la saa chache. Wengine huanika kando ya lami ya barabara ya Bungoma kwenda Chwele, ambako punje hukauka vizuri na hupata mchanga, mafuta ya gari na kinyesi cha mbuzi bila malipo ya ziada.

Kiwango kinachokubalika ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mita ya kupimia ni ghali, lakini kuna kipimo cha chupa na chumvi ambacho kila nyumba inaweza kukifanya, na nimekiona kikimaliza ubishi kati ya kukhu, yaani bibi, na mjukuu wake wa sekondari.

“Kukhu, haya yamekauka. Nimeyauma, yamelia.”

“Meno yako ni ya mtoto, baba. Leta chupa.”

Chupa ya kioo lazima iwe kavu kabisa. Unatia mahindi hadi theluthi moja, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani, unafunika, unatikisa kwa dakika moja au zaidi. Kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, unaweza kuyafunga. Siku hiyo kioo kilikuwa na ukungu mweupe kuanzia chini hadi shingoni. Mjukuu alilitandaza turubai tena bila kuambiwa.

Ubishi huo si wa mchezo. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sumu ya aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu inayomea kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Haiondoki kwa kuanika upya, wala kwa kusaga. Kuchambua punje zilizobadilika rangi hupunguza hatari, lakini tuna tabia mbaya ya kuzitenga hizo punje kisha kuzipeleka kwa kuku au kuzitia kwenye pombe ya busaa. Kuku huliwa na mtu, na busaa hunywewa na mtu. Zifukiwe.

Kuhusu kufunga, njia ni mbili. Ya kwanza ni dawa ya unga, na inayojulikana zaidi ni Actellic Super, gramu 50 kwa gunia la kilo 90, ikichanganywa kwa koleo juu ya turubai hadi kila punje iguswe. Si kunyunyiza juu ya gunia kama mtu anayetia chumvi kwenye yai. Ya pili ni mifuko ya PICS, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za Kamerun kabla haijafika kwenye mahindi yetu. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia moja. Kila mmoja hufungwa peke yake kwa kukazwa shingo, hewa ikishatolewa. Wadudu waliobaki ndani hutumia oksijeni iliyopo, kisha hufa kwa kukosa pumzi. Hakuna dawa. Ila mahindi mabichi yakifungwa humo huvunda, na panya mmoja akitoboa tundu moja, mfuko huwa ni gunia tu la bei ghali. Mimi nachagua mifuko kwa mahindi ya kula na dawa kwa yatakayouzwa mapema, na sina haja ya kumshawishi anayefanya kinyume.

Mboga zina mkondo wake. Watu waliosoma mambo ya nchi za nje huuliza kwa nini hatuhifadhi kwenye chupa, hasa wakati nyanya za Chwele zinapofurika hadi wauzaji wanazimwaga. Mfaransa Nicolas Appert alilipwa faranga 12,000 na serikali yake mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kugundua kwamba chakula kilichofungwa kwenye chupa na kuchemshwa hudumu miezi mingi. Lakini hesabu ya chupa inategemea mahali. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari; hapa Bungoma huchemka karibu na nyuzi 95, na Kitale kama 94. Kwenye nyanya upungufu huo hauna balaa, kwa kuwa nyanya zina uchachu. Ongeza kijiko kikubwa cha maji ya limau kwa kila nusu lita na urefushe muda wa kuchemsha. Kwenye maharagwe, mahindi mabichi, nyama na mboga za majani, kuchemsha hakutoshi kabisa, kwani mbegu za bakteria wa botulini hustahimili maji yanayochemka na huhitaji nyuzi 121, joto linalopatikana tu katika chombo maalumu cha presha kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Sumu yake huua, na mara nyingi haina harufu wala ladha. Asiye na chombo hicho aachane na mboga za chupa, hata kama jirani alitengeneza na hakufa.

Na kwa kweli hatukuhitaji chupa. Tulikuwa na jua, na jua la Januari halilipishwi. Majani ya kunde huchumwa machanga, hutumbukizwa dakika chache kwenye maji yanayochemka, hukamuliwa na kuanikwa juu ya ungo kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali la moja kwa moja hula vitamini A. Yakikauka mpaka yanavunjika kati ya vidole, hutiwa kwenye mtungi au ndoo yenye kifuniko kikali. Juni huloweshwa, huchemshwa na munyu, halafu huungwa na karanga au simsim iliyosagwa. Munyu huo ndio sehemu ya mtambo wa zamani ambayo bado ni hai: maganda ya maharagwe huchomwa hadi majivu, majivu hutiwa kwenye chungu chenye matundu, maji humiminwa juu, na yanayodondoka chini ni magadi ya bure yanayolainisha mrenda na kunde ngumu. Sijaona pakiti ya dukani inayofikia ladha yake, ingawa ni lazima uonje kwanza, maana majivu ya mwaka huu si ya mwaka jana.

Mlima Elgon una zake. Machipukizi ya mianzi, ambayo Wagisu wa upande wa Mbale huyaita malewa, hukaushwa kwa moshi hadi yanakuwa magumu kama kamba, kisha hudumu hadi siku utakayoyapika kwa karanga. Wasabaot na Wakalenjin wengine wa Kitale wana mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Kumbikumbi, wanaotoka na mvua zenyewe, huanikwa upesi kati ya manyunyu mawili; ni mboga pekee ninayoijua inayokusanywa katika msimu ule ule tunaoukimbia.

Yote haya yanaweza kufanywa sawasawa na Juni ikaja na njaa hata hivyo, kwa sababu tundu kubwa kuliko yote katika ghala halitobolewi na mdudu. Kwa makisio ya kawaida mtu mmoja hula mahindi kilo 90 hadi 100 kwa mwaka, kwa hiyo nyumba ya watu sita inahitaji magunia sita au saba. Nyumba nyingi huvuna hayo na zaidi. Kisha inakuja Januari na karo ya shule. Mahindi yanauzwa kwa madalali wakati kila mtu anauza, bei ikiwa chini kabisa ya mwaka. Juni nyumba ile ile inanunua mahindi yale yale, gorogoro baada ya gorogoro, kwa bei ya juu kabisa. Hakuna dawa ya unga wala mfuko unaozuia hilo.

Vikundi vya akina mama vinavyokopeshana fedha vimejaribu dawa yake: kikundi kinamkopesha mwanachama karo mwezi wa Januari, magunia yake mawili yanafungwa kwenye mifuko na kuwekwa nyumbani kwa mweka hazina, na mkopo unalipwa Mei kwa kuuza gunia moja. La pili linabaki kuliwa. Inafanikiwa pale ambapo mume hana ufunguo. Nasema hivyo nikijua nitakemewa, lakini mahali ambapo mauzo ya mahindi huamuliwa na anayepika ugali, ghala hufika Julai mara nyingi zaidi.

Limebaki wimbi. Kabla mahindi hayajatawala, nafaka ya akiba ya Wabukusu ilikuwa wimbi, na sababu yake imo katika ukubwa wa punje: ni ndogo mno kwa fukusi kutaga yai ndani yake, hivyo wimbi lililokauka hukaa miaka mingi bila dawa. Lilishindwa na mahindi kwa sababu palizi yake inavunja mgongo na ndege hulila shambani. Leo hulimwa vipande vidogo, kwa uji na kwa busaa ya jando. Jando la Wabukusu hufanyika Agosti ya miaka ya shufwa, na wimbi la mwaka huo huvunwa Julai au Agosti yenyewe, likichelewa kwa wiki mbili limechelewa. Kwa hiyo mwenye mtoto wa kutahiriwa mwaka 2026 hutakiwa kuwa na wimbi la 2025 ndani ya nyumba, limepepetwa na kuwekwa mahali ambapo wageni wa Krismasi hawatalifikia. Na wimbi hilo hupandwa Februari au Machi ya 2025, kwenye kipande ambacho mtu alikitenga akiwa bado anauza mahindi ya 2024.